Mafunzo Niliyopata Nikiiga Kifua Kikuu Kwenye Kompyuta

Kazi yangu ni kuunda kipande cha pafu ndani ya kompyuta, kukitia bakteria wa kifua kikuu, kisha kutazama kinga ya mwili inavyopambana nao. Pafu la mtu aliye hai huwezi kulichungulia kila saa. La kompyuta unaweza.

1. Kipande kidogo chatosha. Modeli ya GranSim, iliyotoka maabara ya Denise Kirschner wa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2004, ilianza na milimita 2 kwa 2 za pafu, zikiwa zimegawanywa katika miraba 10,000. Humwambii mtu ajenge kinundu, yaani granuloma. Unaipa kila seli sheria zake chache, na kinundu kinajijenga chenyewe: bakteria katikati, seli za kinga ziitwazo makrofaji zimewazingira, na seli T, nazo za kinga, pembeni. Mara ya kwanza kukiona kikijifunga kwenye skrini, nilimwita mwenzangu wa meza ya pili aje ashuhudie.

2. Matokeo ya mara moja usiyatangaze. Seli huenda kwa kubahatisha, kwa hiyo sheria zilezile huweza kumaliza bakteria leo na kuwaacha wafurike kesho. Hata tumbili mmoja wa maabara hukutwa na kinundu kisicho na bakteria hai hata mmoja na kingine kimejaa tele.

3. Kinga kali si lazima iwe kinga bora. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote. Kuna protini iitwayo TNF, ambayo seli huitumia kuitana na kuchocheana. Ukiiondoa kwenye modeli, kinundu hulegea na bakteria hutapakaa. Ukiizidisha, bakteria hubanwa kweli, lakini uvimbe unaliharibu pafu lenyewe. Wala hili si la kompyuta tu: mwaka 2001 madaktari waliripoti kifua kikuu kwa wagonjwa waliotumia infliximab, dawa ya baridi yabisi inayozuia TNF. Ndiyo maana sasa mgonjwa hupimwa kwanza kama ana maambukizi yaliyolala.

4. Usikatishe mapema. Bakteria huyu hujigawa mara moja kwa takriban saa 20, na seli T huchukua wiki kadhaa kufika kutoka kwenye tezi za limfu. Ukisimamisha programu siku ya tano, hujaona kitu.

5. Namba zitoke kwa wanaoshika darubini. Namba ya kubuni huzaa picha nzuri ya uongo, na picha nzuri huwadanganya hata wasomi.

Kazi hii inatuhusu: Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo zote zilikuwemo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Na kuanza si ghali: CompuCell3D na PhysiCell, programu za kuundia modeli za seli kama hizi, ni za bure, na modeli ndogo huendeshwa kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Wewe unayesoma hisabati au biolojia, ipakue moja wiki hii uanze.