Shahada ya Uuguzi kwa Njia ya Mtandao: Heshima Yake Hupimwa kwa Kigezo Gani?

Utangulizi

Katika kata ya Suguti, Wilaya ya Musoma, na katika vijiji vya Bunda na Butiama vinavyopakana na eneo hilo, wauguzi wa zahanati na vituo vya afya wana swali ambalo kila mara hurudi vikao vya kazi vinapomalizika: je, shahada ya uuguzi iliyosomwa kwa njia ya mtandao ina heshima sawa na ile iliyosomwa chuoni, ana kwa ana?

Swali hili lina uzito. Muuguzi mwenye astashahada au stashahada anayetaka kujiendeleza hana chuo kikuu cha afya mlangoni pake. Bugando, jijini Mwanza, ni mwendo wa zaidi ya kilometa 200 kutoka Musoma, na Dar es Salaam ni mbali zaidi. Akiondoka kwa miaka kadhaa huacha watoto, wazazi na mashamba. Huacha pia zahanati ambayo pengine ilikuwa na yeye na mwenzake mmoja tu, na huacha akina mama wa Kijita na Kikwaya waliozoea kumweleza maumivu yao kwa lugha yao. Wakati huohuo simu yake ya mkononi humletea matangazo ya vyuo vya nje vinavyoahidi shahada bila kuondoka nyumbani.

Baada ya kusoma somo hili, mhudumu wa afya aweze kupambanua programu ya mtandao inayostahili kuheshimiwa na ile isiyostahili, na mgonjwa aweze kuelewa ni nini hasa kinachomhakikishia kwamba anayemhudumia anastahili kumhudumia.

Elimu ya masafa si ngeni mkoani Mara

Mnamo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa azimio lililobeba jina la mji huo. Azimio la Musoma liliagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe ifikapo 1977. Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo mfupi. Kuanzia 1976 vijana walichukuliwa vijijini, wakasomeshwa kwa masomo ya posta na vipindi vya redio huku wakifundisha darasani chini ya walimu wenye sifa. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo.

Jamii iliwapokea kwa hisia mbili. Watoto wengi wasingepata mwalimu kabisa bila wao. Lakini watani waliligeuza jina la mpango huo, UPE, likawa “Ualimu Pasipo Elimu”. Mwalimu aliyefundisha vizuri na aliyefundisha vibaya walibeba dhihaka ileile, kwa sababu watu walitazama njia aliyopitia mwalimu badala ya kazi aliyoifanya darasani.

Muuguzi anayesoma kwa mtandao leo amesimama mahali palepale. Iwapo hatuna kipimo cha haki cha kumpima, tutamdharau anayestahili heshima, au tutamheshimu asiyestahili. Katika uuguzi kosa la pili ni hatari zaidi, kwani gharama yake hulipwa na mgonjwa.

Tutenganishe mambo mawili

Watu huzungumzia “shahada ya mtandao” kana kwamba ni kitu kimoja. Yapo walau mambo mawili ndani yake.

La kwanza ni mtu ambaye hajawahi kuwa muuguzi anayetaka kuanza fani hii. Hapa Tanzania shahada ya kwanza ya uuguzi huchukua miaka 4, ikifuatwa na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini chini ya usimamizi. Mtu huyu hajawahi kuchoma sindano, kupima shinikizo la damu wala kumpokea mtoto mchanga. Hakuna skrini inayoweza kumfundisha hayo peke yake. Hata Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kinachojulikana duniani kwa elimu ya masafa, huwafundisha wauguzi kwa kufuata sharti la nchi hiyo la saa 4,600 za mafunzo, ambapo nusu yake, yaani saa 2,300, ni za mafunzo kwa vitendo. Nadharia husomwa nyumbani. Wodi haisomwi nyumbani.

La pili ni muuguzi ambaye tayari amesajiliwa na yuko kazini, anayetaka kupanda kutoka astashahada hadi stashahada, au kutoka stashahada hadi shahada. Huyu ana mikono iliyozoea kazi. Anachohitaji zaidi ni kina cha sayansi, uwezo wa kusoma na kutathmini ushahidi, uongozi, na utaratibu wa kupima upya ujuzi wake. Sehemu kubwa ya hayo yaweza kufundishwa kwa mtandao na kufundishwa vizuri.

Anayeuliza kama shahada ya mtandao inaheshimiwa lazima kwanza aseme anamzungumzia nani kati ya hao wawili.

Mfano wa Kenya

Jirani zetu wa Kenya waliingia katika jambo hili mwaka 2005. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa na wauguzi wapatao 22,000 wa ngazi ya cheti waliotakiwa kupandishwa hadi stashahada. Kuwaondoa wote kazini kungefunga huduma katika wilaya nyingi, na vyuo havikuwa na nafasi. Shirika la AMREF, kwa kushirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture, lilianzisha mafunzo ya kielektroniki. Wauguzi walisoma kwa kompyuta katika vituo vilivyowekwa hospitalini na vyuoni, wakaendelea na kazi, na wakafanya mafunzo kwa vitendo chini ya wasimamizi.

Baraza la nchi hiyo lilikuwa ndani ya mpango tangu siku ya kwanza. Halikuletewa vyeti baadaye ili livibariki. Mtihani wa usajili ulibaki mikononi mwake, na muuguzi wa kompyuta aliukabili kama yule wa darasani. Msingi wa heshima ya stashahada ile ulikuwa huo.

Ipo pia njia ya kati. Tangu 2001 Chuo Kikuu cha Aga Khan kimekuwa kikiwafundisha wauguzi walio kazini katika Afrika Mashariki, ikiwemo Dar es Salaam, kwa ratiba inayowaruhusu kuhudhuria darasa siku chache kwa juma na siku zilizobaki kuendelea na ajira. Njia hii si ya mtandao, lakini imeonyesha kwamba masomo na zamu vyaweza kuishi pamoja.

Mkono haufundishwi kwa skrini, wala kwa ubao

Tuchukue mfano kutoka leba. Mama amejifungua, kondo la nyuma limetoka, na damu inaendelea kutiririka. Kitabu kinasema kwamba damu ikifika mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, hilo ni tatizo la kushughulikiwa mara moja. Sentensi hiyo yaweza kusomwa Suguti, Muhimbili au London, na maana haibadiliki. Lakini kukadiria damu iliyonywewa na kanga na iliyosambaa chini ya shuka, kuweka kiganja juu ya tumbo na kutambua kama mfuko wa uzazi umekaza au umelegea, kuukanda kwa nguvu inayofaa huku mwenzako akitoa oksitosini, hayo ni maarifa ya mkono. Hupatikana kwa kurudiarudia mbele ya mtu anayejua, anayekuzuia unapokosea.

Hapa wapenzi wa chuo cha ana kwa ana huweza kujiona wameshinda hoja. Wasiharakishe. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wakunga walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Yalikuwa mafunzo ya ana kwa ana, kwa kutumia mwanasesere. Watafiti walipopima matokeo, waligundua kwamba wahudumu walikuwa wamefanya vizuri zaidi kwa mwanasesere, lakini namna ya kuwahudumia watoto halisi haikuwa imebadilika. Baadaye yakaanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini. Ndipo vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza viliposhuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Kwa hiyo kukaa darasani si dhamana. Mhitimu wa chuo cha ana kwa ana ambaye wodini walikuwa wanafunzi thelathini wakimzunguka mgonjwa mmoja, na yeye akasimama nyuma, aweza kuwa dhaifu kuliko muuguzi wa zahanati aliyesoma nadharia usiku kwa simu na mchana akafanya mazoezi chini ya mkunga mzoefu. Cha kuuliza ni kama programu ina saa za vitendo, zinafanyikia wapi, na nani anazisimamia na kuzitia saini.

Cheti si leseni

Tanzania Bara ina milango miwili ambayo kila shahada ya uuguzi hupitia. Wa kwanza ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo hutoa ithibati kwa vyuo na programu za shahada za ndani na kutathmini shahada za nje ili kuzitambua. Wa pili ni Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linalofanya kazi kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010. Baraza ndilo linalosajili na kutoa leseni. Mtu aweza kuwa na cheti chenye mhuri wa dhahabu na bado asiruhusiwe kumgusa mgonjwa.

Mifano miwili kutoka Marekani inafundisha. Desemba 2003 mamlaka ya uuguzi ya Jimbo la California iliamua kutowapa leseni wanafunzi ambao wangejiandikisha kuanzia hapo katika chuo kimoja cha masafa cha Jimbo la New York. Chuo hicho kilikuwa na ithibati. Kilichokosekana ni saa za vitendo chini ya usimamizi sambamba na nadharia. Kumbe ithibati ya chuo haitoshi. Mamlaka ya uuguzi ina neno lake.

Mfano wa pili ni wa Januari 2023. Serikali ya Marekani iliwashtaki watu 25 kwa kuuza zaidi ya vyeti 7,600 vya uuguzi vya uongo kupitia vyuo vitatu vya Jimbo la Florida. Vyuo hivyo vilikuwa na ofisi na anwani, na baadhi ya wanunuzi, wapatao 2,400, walifaulu hata mtihani wa leseni. Anayedhani udanganyifu hukaa mtandaoni peke yake na afikiri tena.

Ushauri kwa mhudumu wa afya

Kabla ya kulipa ada, na kabla ya kukopa kwa ajili ya ada, pata majibu ya maswali haya, na uyapate kwa maandishi:

1. Je, programu yenyewe, na si chuo tu, inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu?
2. Je, Baraza la Uuguzi na Ukunga litaikubali kwa usajili katika ngazi unayoitaka?
3. Saa za mafunzo kwa vitendo ni ngapi, zitafanyika hospitali gani, na msimamizi wako ni nani?
4. Mitihani inasimamiwa vipi, na chuo kinajuaje kwamba anayejibu ni wewe?
5. Je, mwajiri wako ameridhia, na atakubadilishia kada baada ya kuhitimu?

Chuo kinachokwepa swali la tatu kiepuke, hata kama ada yake ni nafuu. Usisahau pia kuhesabu gharama zisizotajwa kwenye tangazo: bando la intaneti, kompyuta, nauli ya kwenda kwenye mitihani, na saa za usingizi baada ya zamu ya usiku.

Waganga wakuu na makatibu wa afya wa wilaya nao wana sehemu yao. Muuguzi anayesoma akiwa kazini anahitaji ratiba inayotabirika na msimamizi hospitalini. Akipewa hayo, wilaya itapata afisa muuguzi bila kumpoteza muuguzi.

Neno kwa mgonjwa na familia yake

Vijijini kwetu kila anayevaa koti jeupe huitwa daktari. Mgonjwa hawezi kujua aliyemhudumia alisoma wapi, wala hapaswi kubeba mzigo huo akiwa na maumivu. Sheria imelipa Baraza mzigo huo kwa niaba yake. Una haki ya kumwuliza mhudumu jina na cheo chake, na una haki ya kujua kama amesajiliwa. Lakini usimkatae muuguzi aliyesajiliwa kwa kusikia tu kwamba alisomea kwenye simu. Amepita milango ileile.

Hitimisho

Shahada ya uuguzi ya mtandao inastahili heshima sawa na ya chuoni pale inapotambuliwa na mamlaka, inapokuwa na saa za vitendo zinazosimamiwa, na inapofikia mtihani na leseni zilezile. Ikikosa hata moja ya hayo, haistahili, hata kama chuo kilichoitoa kina jina kubwa. Na shahada ya ana kwa ana ipimwe kwa mizani hiyohiyo.

Maswali ya kujipima na kujadiliana

1. Eleza tofauti kati ya kuanza uuguzi na kujiendeleza katika uuguzi kwa njia ya mtandao.
2. Kwa nini mafunzo ya siku moja ya Haydom hayakubadilisha huduma, na mazoezi ya mara kwa mara yakabadilisha?
3. Katika kituo chako, nani angeweza kumsimamia muuguzi anayesoma akiwa kazini, na ni zoezi gani mngeanza nalo juma hili?