Swichi ya Feni: Iamuru, Isibebe Mzigo

Ukipanda mchomoko kutoka Bariadi kwenda Lamadi au Maswa, chungulia chini ya usukani. Usishangae ukikuta kiswichi kimening'inia na waya mbili. Ujue sensa ya joto ilishakufa, na dereva anawasha feni za rejeta kwa mkono.

Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha huko Simiyu, jioni nilikuwa napita gereji, na nakwambieni somo la umeme liko pale kuliko ubaoni. Kuweka swichi sio tatizo. Tatizo ni umeme kiasi gani unapita ndani yake.

Chukua feni ya wati 120 kwenye betri ya volti 12. Gawanya: ampea 10, na inapoanza kuzunguka inanyonya zaidi. Sasa pitisha mkondo huo kwenye kiswichi cha bei rahisi ambacho mguso wake umechoka, una ukinzani wa omu 0.1. Joto ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: 10 × 10 × 0.1, yaani wati 10, ndani ya kitu kidogo kuliko kifuniko cha soda. Plastiki itayeyuka tu, tena karibu na magoti ya dereva.

Dawa yake ni relei. Koili yake inakula kama ampea 0.2, na kwenye mguso uleule joto linashuka hadi wati 0.004. Swichi inaamuru, relei inabeba.

Toa kwanza waya hasi wa betri, maana feni inaweza kujiwasha ikakukata vidole. Relei ya kawaida ina miguu minne yenye namba. Mguu wa 30 unatoka betri kupitia fyuzi. 87 unaenda feni. 86 unapata umeme ufunguo ukiwashwa. 85 unapita kwenye swichi kisha bodi. Kwa feni moja kama hiyo, fyuzi ya ampea 20 na waya wa milimita za mraba 2.5 vinatosha. Feni ikiwa mbili, kila moja na relei yake. Fyuzi ikae jirani na betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla yake hakina mlinzi. Ila pima na testa kwanza: kuna magari ambayo chanya iko kwenye feni muda wote, kinachokatwa ni hasi. Hapo mpango huu unageuzwa.

Jambo ambalo ningelipigania zaidi ni hili: swichi ikae sambamba na sensa, isichukue nafasi yake. Nunueni sensa mpya jamani! Kwenye lami, mwendo wa 80, upepo wenyewe kwa kawaida unapoza rejeta. Balaa ni siku ya mnada, gari linatambaa kati ya ng'ombe na watu, dereva anagombana na konda kuhusu chenji, swichi kaisahau. Silinda hedi inapinda, gasketi inaungua, na mwenye gari anauza mbuzi.

Na kama rejeta imeziba au maji yanavuja, swichi haisaidii kitu. Usifungue mfuniko ukiwa wa moto.

Ukimaliza, washa feni dakika kumi halafu shika swichi. Inatakiwa iwe baridi. Ikiwa ya uvuguvugu, mkondo mkubwa bado unapita humo. Zima, rudi kwenye mguu wa 87.