Uji Mtupu Haumjengi Mtoto

Kwa mama, baba, bibi na dada wa kazi: yeyote anayeshika kijiko cha mtoto

Uji mtupu ni upi?

Uji wa sembe, maji na sukari ni uji mtupu. Ukizidisha sukari, bado ni mtupu. Ukiukoroga ukawa mzito, bado ni mtupu. Sembe ni wanga, na wanga ni kama kuni: unampa mtoto nguvu za kutambaa na kucheza, lakini hakuna aliyejenga nyumba kwa kuni peke yake. Nyama ya mwili, damu, ngozi na nywele vinataka protini. Kwenye sembe ipo kidogo mno.

Usimpe uji mtupu.

Kabla ya miezi 6

Maziwa ya mama tu. Hata maji, hapana.

Kuanzia miezi 6

Kila bakuli la uji litiwe kitu: maziwa, karanga zilizosagwa, yai au unga wa dagaa. Dagaa wengi huanikwa mchangani, kwa hiyo wachambue, waoshe mpaka maji yawe safi, wakaange bila mafuta hadi wakauke kabisa, kisha watwange na uchekeche. Kijiko kimoja cha chakula kwa bakuli. Usisingizie umaskini: nyumba nyingi zina kuku, mayai yanauzwa gengeni, na hela inaishia kwenye soda na biskuti za mtoto huyohuyo.

Mchicha, kisamvu na viazi vitamu vya rangi ya chungwa viponde vikishaiva na utie mafuta kidogo. Vitamini A iliyomo haiingii vizuri mwilini bila mafuta.

Karanga

Yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi, tupa. Usiipike, usimpe kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa moto. Na usimpe mtoto mdogo karanga nzima, itamkaba.

Uvimbe si unene

Hapa ndipo tunapochelewa. Mtoto wa uji mtupu huvimba miguu, mashavu yakajaa, majirani wakasifu kwamba kanenepa. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili, hesabu taratibu sekunde 3, achia. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, huo ni utapiamlo mkali. Leo hiihii, hospitali. Dalili nyingine: nywele nyepesi zenye wekundu zinazong'oka bila kuuma, ngozi inayobanduka, mtoto mnyonge, mkali, asiyetaka chakula.

Usimshindilie chakula ili apone haraka, ni hatari. Usimpe dawa ya kumkojoza maji. Usimchanje chale. Usimpeleke kwa mganga kwa kuwa bibi kasema amebemendwa, yaani ameugua kwa sababu mzazi katoka nje ya ndoa. Hajabemendwa. Kalishwa uji mtupu, na wakati wazazi wanagombana nani alitoka nje ya ndoa, mtoto anazidi kuvimba.

Utepe wa mkono

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mzunguko wa mkono wa juu kwenye utepe wa rangi ukiwa chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: hospitali. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano: kliniki wiki hii. Akiwa amevimba miguu yote miwili, usiangalie rangi. Hospitali.

Anayeharisha

Aendelee kunyonya na kula. Uji, ndiyo. Mtupu, hapana.

Chai ya rangi

Si chakula cha mtoto.

Kunyonya

Hadi miaka 2 na kuendelea, hata mama akiwa mjamzito tena.