KUTOKA DEGEDEGE HADI PROTINI YA GAMBA: ISTILAHI ZA CHANJO YA MALARIA NA HAKI YA MSIKILIZAJI WA PWANI

Ikisiri

Makala haya yanachunguza baadhi ya istilahi za Kiswahili zinazotumika kueleza utafiti wa chanjo ya malaria katika Pwani ya Kenya. Hoja yetu ni kwamba istilahi isiyoeleweka humnyima mzazi haki ya kukubali au kukataa kwa hiari mtoto wake ashirikishwe katika utafiti. Kwa hiyo kazi ya mwanaisimu na mwanafasihi wa Kiswahili haikomei darasani.

1.0 Utangulizi

Ziwa la Ng'ombe ni mtaa ulioko bara ya kaskazini ya Mombasa. Wakazi wake ni mchanganyiko wa Waswahili, Wamijikenda na wenzao waliotoka bara, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni na zahanatini. Ukiifuata barabara ya Malindi kwa takribani kilomita 60 utafika Kilifi, ambako tangu mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) imekuwa ikiendesha mpango mkubwa wa utafiti kwa ushirikiano na Wellcome Trust ya Uingereza. Malaria ni mojawapo ya maradhi makuu yanayochunguzwa huko. Ripoti za utafiti huo huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mama anayeombwa idhini huelezwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya Kimijikenda. Baina ya lugha hizi ndipo lilipo tatizo tunalolijadili.

2.0 Majina ya Ugonjwa

Kabla ya maabara kuja, Mswahili alikuwa tayari ameipa malaria majina kwa kutazama dalili zake. Homa inayokuja na kwenda aliiita homa ya vipindi. Mtoto aliyepandwa na joto akakakamaa na kutupa macho alisemekana ana degedege. Neno hili lina uhusiano na ndege, kwani iliaminika kwamba ndege au nondo wa usiku ndiye anayemdhuru mtoto. Wamijikenda huuita ugonjwa huo nyuni, neno ambalo katika Kiswahili cha kale, hasa cha ushairi, lina maana hiyo hiyo ya ndege.

Imani hii ilikuwa na athari katika tiba. Ikiwa homa ni ya hospitali na degedege ni la mganga, mtoto mmoja mwenye ugonjwa mmoja atapelekwa njia mbili. Kwa hiyo anayeeleza malaria bila ya kulitaja degedege huacha nje ya mazungumzo ile sura ya ugonjwa inayoogopwa zaidi.

3.0 Protini Inayolengwa

Mbu jike aina ya anofelesi anapouma, hutema pamoja na mate yake vimelea viitwavyo sporozoiti. Hivi hukimbilia ini, huzaana humo, kisha hutoka vikiwa maelfu na kuingia katika chembe nyekundu za damu. Hapo ndipo homa huanza.

Sporozoiti imefunikwa na protini moja kwa wingi mkubwa. Jeni ya protini hiyo ilibainishwa mwaka 1984, na sehemu yake ya katikati ina vijenzi vinne vinavyorudiwa rudiwa kwa mpangilio ule ule. Mwanafunzi wa ushairi atauelewa upesi mpangilio huu: ni kama kibwagizo. Anayesikia shairi hukishika kibwagizo kabla ya beti. Vivyo hivyo mfumo wa kinga huitambua sehemu inayorudiwa na kuitengenezea kingamwili.

Chanjo ya RTS,S, iliyoanza kuundwa mwaka 1987, ilijengwa juu ya sehemu ya protini hiyo. Jaribio lake kubwa lilianza mwaka 2009 na kuhusisha watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika. Kilifi ilikuwa kituo kimojawapo, sawa na Korogwe na Bagamoyo nchini Tanzania. Kwa watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, visa vya malaria vilipungua kwa takribani asilimia 36 katika miaka minne. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, na Oktoba 2023 likapendekeza ya pili, R21, inayolenga protini ile ile. Protini nyingine, RH5, ambayo kimelea huitumia kuingilia chembe nyekundu, imejaribiwa Bagamoyo.

4.0 Uchanganuzi wa Istilahi

4.1 Protini. Kwa msemaji wa kawaida, protini ni maharagwe, samaki na mayai, yaani chakula cha kujenga mwili. Akiambiwa kwamba mtoto atadungwa "protini ya kimelea", ama atadhani analishwa, ama atashangaa vipi adui ana lishe. Tunapendekeza istilahi *protini ya gamba*. Gamba ni kitu cha nje kinachomtambulisha mwenyewe, na nyoka hulivua. Sitiari hii inafaa pia kueleza kwa nini chanjo ni ngumu kupatikana: kimelea kikishaingia katika damu hubadilisha protini kinazozionyesha juu ya chembe nyekundu, mfano wa nyoka anayejivua gamba kila anapotambuliwa.

4.2 Chanjo iliyo katika majaribio. Wapo wasemao *chanjo tarajiwa* na wapo wasemao *chanjo mgombea*. La kwanza linaahidi jambo ambalo bado halijathibitika. La pili linaleta picha ya kura, hali ya kuwa sayansi haipigiwi kura. Tunaona *chanjo mtahiniwa* ni bora. Mtahiniwa hupita mtihani baada ya mtihani, na kila mzazi anajua kwamba anaweza kuanguka.

4.3 Majaribio. Neno hili linakaribiana mno na *majaribu*, yaani mitihani ya maisha. Aidha, kitenzi "kujaribiwa" humfanya mtoto aonekane ndiye anayepimwa. Ni sahihi zaidi kusema "chanjo inapimwa kwa msaada wa watoto". Tena ielezwe wazi kwamba wapo watakaopewa kitu kingine kwa ajili ya kulinganisha. Katika jaribio la RTS,S, watoto wakubwa wa kundi hilo walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa.

4.4 Damu. Pwani ina kumbukumbu ndefu ya mumiani, mtu anayesemekana kunyonya damu za watu ili ziuzwe. Mtafiti anayesema "tutachukua damu" bila ya kutaja kiasi, sababu na mahali itakapopelekwa, huiamsha hadithi hiyo mwenyewe. "Kijiko kimoja cha chai" ni maelezo yanayoeleweka kuliko mililita 5.

5.0 Hitimisho

Watoto wa Kilifi walishiriki katika kuipima RTS,S. Hata hivyo, ilipoanza kutolewa nchini Kenya Septemba 2019, ilianzia magharibi, ambako maambukizi ni makubwa zaidi. Uamuzi huo una mantiki ya kitabibu, lakini mzazi wa Pwani anastahili kuelezwa mantiki hiyo kwa lugha anayoimiliki. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo utakuwa na maana pale mama wa Ziwa la Ng'ombe atakapoweza kuuliza, "Chanjo hii ni mtahiniwa au imekwisha kufaulu?", akajibiwa, kisha akaamua. Tunawahimiza wanafunzi wenzetu waketi na watafiti wa afya mapema, kabla fomu ya idhini haijachapishwa.