Kupaka Rangi Korido na Kutundika Rafu: Yampasayo Mlaji Kuyajua Kabla ya Kununua

Korido huguswa na kila mtu aingiaye nyumbani. Watoto huburuza viganja ukutani, ndoo hugonga kona, na rangi huchakaa hapo mapema kuliko sebuleni. Kwa kuwa ni mahali padogo, familia nyingi huipaka rangi zenyewe na kuongeza rafu mbili tatu za viatu na vitabu. Ni uamuzi mzuri, mradi ukuta uchunguzwe kwanza, kisha ndipo dukani.

La kuchunguzwa kabla ya yote ni rangi ya zamani. Rangi za mafuta za miaka iliyopita, hasa za manjano, nyekundu au kijani iliyokolea, huenda zilichanganywa na madini ya risasi. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo hatari kubwa haimo katika kupaka, imo katika kukwangua. Msasa mkavu huigeuza rangi kuwa vumbi laini linalotua sakafuni, pale pale mtoto anapotambaa. Ukuta ulowanishwe, usuguliwe ukiwa na maji, watoto na wajawazito wakae mbali hadi kazi iishe, na mabaki yafutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa. Ikiwa rangi ya zamani bado imeshika vizuri, ni heri kuisugua kidogo tu kwa maji na kupaka juu yake.

Ukuta uliopakwa chokaa una shida nyingine: rangi ya maji haishiki juu ya chokaa inayomeguka, hubanduka pamoja nayo. Penye unyevu, chanzo kitafutwe kwanza, kwani hakuna rangi izibayo bomba linalovuja.

Dukani, mlaji aangalie alama ya ubora ya TBS na maelezo kuhusu risasi. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja za rangi. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala namba ya toleo halifai kununuliwa, hata bei ikiwa ya kuvutia namna gani. Makopo yakiwa zaidi ya moja, yawe ya toleo moja, maana rangi ya jina lile lile yaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana ukutani.

Kiasi nacho kipimwe. Tuchukue korido yenye urefu wa mita 5 na kimo cha mita 2.7, iliyo wazi pande zote mbili za mwisho. Kuta zake mbili zina mita za mraba 27. Ukiondoa milango minne, hubaki takriban 19.5, na kwa mikono miwili ya rangi ni 39. Lita moja ikifunika mita za mraba 10, galoni moja ya lita 4 yatosha. Anayeshawishiwa kununua ndoo ya lita 20 atabaki na rangi inayokauka stoo.

Kwa rafu, mbao ya inchi moja kwa nane hutosha. Pana kuliko hiyo hula njia, na korido ni njia kwanza. Mbao iwe kavu, la sivyo itapinda baada ya wiki chache. Skrubu ziingie katika tofali lenyewe pamoja na plagi zake za plastiki, kwani lipu peke yake haibebi vitabu. Usitoboe ukuta juu au chini ya swichi, kwa kuwa nyaya za umeme kwa kawaida hupita hapo wima. Rafu ya viatu ikae chini, na ya vitu vizito isiwe mahali ambapo mtoto anaweza kuning'inia.

Risiti na kopo tupu vihifadhiwe hadi rangi ikauke na kutazamwa mchana. Ikibanduka au ikionekana tofauti na kielelezo cha dukani, ndivyo vitakavyomwezesha mlaji kudai haki yake kwa muuzaji, na namba ya toleo iliyo juu ya kopo itamsaidia mkaguzi kulifuatilia suala hilo.