Unaanza Star Wars Jedi: Fallen Order? Vidokezo 10 vya Kukuvusha

Wachezaji wengi wa PlayStation wa Afrika Mashariki wamekulia kwenye FIFA. Kampuni ya EA, iliyotutolea FIFA kwa miaka mingi, ndiyo iliyotoa Star Wars Jedi: Fallen Order mnamo Novemba 2019. Walioitengeneza ni studio ya Respawn Entertainment, chini ya Stig Asmussen, yule aliyeongoza God of War III. Humo unakuwa Cal Kestis, kijana wa Jedi aliyejificha kwenye sayari ya Bracca, akila jasho lake kwa kukatakata meli chakavu za vita. Siri yake inafichuka, anakimbia, na safari inaanza.

Ni gemu tamu sana, lakini haimpendi mtu wa papara. Ukibonyeza vitufe ovyo utakufa, utafufuka, utakufa tena, na kesho yake utarudi kwenye mpira. Soma haya kwanza.

1. Tazama filamu moja tu

Usimruhusu mtu akutishe kwamba lazima umalize filamu zote za Star Wars. Tafuta Revenge of the Sith ya mwaka 2005. Humo ndimo Jedi wanapogeukwa na askari waliokuwa wakipigana bega kwa bega nao, na gemu hii inaanza miaka mitano baada ya mauaji hayo. Ukishaiona, utaelewa kwa nini Cal anaogopa hata kuonyesha kwamba ana Nguvu (the Force). Nyingine zinaweza kusubiri, hata ile ya 2015 ambayo Lupita Nyong'o alikuwa Maz Kanata.

2. Chagua ugumu unaokufaa

Viwango viko vinne, kuanzia cha wanaotaka hadithi tu hadi cha Jedi Grand Master. Kinachobadilika ni ukali wa maadui, maumivu ya pigo lao, na nafasi unayopewa ya kukinga kwa wakati. Unaweza kubadilisha wakati wowote kwenye mipangilio, bila kuanza upya. Ushauri wangu: anza na Jedi Knight, cha pili kutoka chini. Bosi akikushinda usiku kucha, shusha, mpite, kisha pandisha tena. Umenunua gemu kwa pesa yako, nawe una haki ya kuuona mwisho wake.

3. Kinga kwanza, kata baadaye

Hapa ndipo gemu yote ilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Kitufe chako cha thamani kuliko vyote ni L1 (LB kwa wenye Xbox). Ukikishikilia tu, Cal anakinga, lakini kila pigo linamla nguvu za kukinga mpaka anayumba na kubaki wazi. Ukikibonyeza sekunde ileile silaha inapokaribia kukugusa, mambo yanageuka: adui ndiye anayeyumba. Mwangalie askari wa doria mwenye kirungu. Anakusogelea, anainua mkono, anakawia kidogo, ndipo anashusha. Wengi wanabonyeza pale mkono unapoinuka, na wanapigwa. Subiri mkono uanze kushuka. Ukipatia, utaona cheche, atapepesuka, na pigo lako moja litatosha.

Risasi nazo ni hivyohivyo. Ukikinga kwa wakati, risasi inamrudia aliyeipiga. Simama mbali na askari mmoja wa deraya nyeupe, mwache afyatue, wewe jifunze mdundo wake. Dakika kumi za zoezi hilo zitakufaa mpaka mwisho wa gemu.

Ila adui aking'aa rangi nyekundu, sahau L1. Pigo hilo halikingiki. Ruka pembeni au jiviringishe.

4. Duara la kutafakari lina gharama

Duara ni mahali pa kuhifadhi mchezo na kupumzika. Ukipumzika hapo, uhai unajaa, Nguvu inajaa, na roboti wako BD-1 anajaziwa dawa zake zote. Lakini maadui uliowaua katika eneo hilo nao wanarudi. Kwa hiyo ukifika kwenye duara ukiwa mzima na dawa zipo, tumia pointi zako za ujuzi, kisha simama uendelee bila kupumzika. Pointi za mwanzo zipeleke kwenye kuongeza uhai na kufanya dawa ziponye zaidi. Mbwembwe za upanga zitakuja baadaye.

5. Ukifa, mtafute aliyekuua

Kifo kinakunyang'anya pointi za uzoefu ambazo hazijajaza mstari. Aliyekuua ndiye anayezishika. Mrudie, mguse kwa pigo moja tu, na zinarudi pamoja na uhai wako. Huhitaji kumuua. Ukifa tena kabla hujamgusa, zimepotea moja kwa moja.

6. Isome ramani kabla ya kulaumu gemu

Malalamiko makubwa ya wachezaji ni kupotea njia, na yana msingi: hakuna usafiri wa haraka. Ukimaliza kazi mwisho wa sayari, unarudi kwa miguu hadi kwenye meli yako, Mantis. Sayari ya Zeffo ndiyo inayowachanganya watu zaidi, kwa mapango yake, makaburi na miteremko ya barafu.

Fungua ramani, uizungushe, uangalie rangi. Nyekundu maana yake huwezi kupita kwa sasa, kuna uwezo unaoukosa. Usipoteze nusu saa ukirukia ukuta. Njano maana yake hujapita hapo, na mara nyingi ndiko unakotakiwa kwenda. Kila unapopata uwezo mpya, kama ule wa kusukuma vitu unaoupata Zeffo, jiulize ni nyekundu zipi sasa zitafunguka.

7. Chungulia Dathomir mapema

Ukitoka Bogano, sayari unayofikia baada ya kukimbia Bracca, unapewa kuchagua Zeffo au Dathomir. Hadithi inakusukuma Zeffo. Dathomir, nchi ya udongo mwekundu na wapiganaji wakali, itakuumiza ukienda mapema, lakini si mbali na pale meli inapotua kuna meza ya ufundi itakayokupa upanga wa ncha mbili. Upanga huo ni mwokozi unapozungukwa na kundi. Uchukue, geuka, rudi melini. Usijaribu kuwa shujaa huko bado.

8. Bogano kuna chura

Anaitwa Oggdo Bogdo, na anaishi shimoni. Wachezaji wengi wanamwangukia saa za mwanzo, wakiwa na dawa mbili tu, na anawameza. Mwache. Rudi ukiwa na nguvu. Ukirudi, mrukie kutoka ukingo ulio juu yake na ushushe upanga ukiwa hewani: pigo hilo linampunguzia uhai mwingi kabla hata pambano halijaanza. Akikuvamia, tumia uwezo wa kupunguza mwendo, mkate mara mbili tatu, kisha kaa mbali na mdomo wake.

9. Mwache BD-1 afanye kazi yake

Kila adui mpya ukimuua, mwambie BD-1 ampime. Maelezo yanayoingia kwenye kumbukumbu yanakueleza namna ya kuikabili aina hiyo, na ni msaada wa bure ambao wengi wanaupita. Makasha nayo yachague kwa akili. Mengi yana nguo, rangi za meli na vipande vya kupamba upanga. Ya kuyatafuta kwa bidii ni yale yanayomwongezea BD-1 chupa za dawa. Unaanza na mbili, zinaweza kufika kumi.

10. Jipange kabla hujanunua

Kwenye kompyuta, gemu hii inadai nafasi ya GB 55. Kama unategemea bando la simu, diski iliyotumika ya PS4 ni nafuu zaidi, na ukimaliza unaweza kuiuza au kubadilishana na mwenzako. Ukicheza kwenye kibanda kwa kulipia saa, tenga dakika za mwisho ufike kwenye duara upumzike kabla muda haujaisha. Na washa maandishi ya mazungumzo, maana kelele za kibandani zitameza maneno ya Cere na Merrin, wenzake Cal safarini, na hao wawili ndio moyo wa hadithi.

Ukimaliza, kuna mwendelezo, Star Wars Jedi: Survivor, uliotoka Aprili 2023, wenye usafiri wa haraka kati ya maduara na mitindo mitano ya kupigana. Ni mkubwa na unavutia, lakini usianzie huko. Hadithi yake inaendelea miaka mitano baada ya hii, na inachukulia kwamba tayari unamjua Cal na wenzake Cere, Greez na Merrin. Cheza Fallen Order kwanza.