Kinyume cha Kipeuo cha Pili cha Desimali: Somo Kutoka Jaruba la Mpunga

Mwanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi hataji kwa shida kwamba kipeuo cha pili cha 16 ni 4. Lakini akiulizwa kipeuo cha pili cha 0.4, mara nyingi hujibu 0.2, na akiulizwa kinyume cha kipeuo hicho, hunyamaza. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha jinsi mada hiyo inavyoweza kufundishwa kwa kazi ambayo watoto wa Ifakara na bonde la Kilombero huiona kila msimu, yaani kupandikiza mpunga.

Maana

Kinyume cha namba ni namba ambayo ikizidishwa kwa namba hiyo jibu huwa 1. Kinyume cha 4 ni 1/4. Kinyume cha 0.25 ni 4. Yafaa mwalimu ahakikishe kwamba jambo hili limeeleweka kabla ya kuendelea.

Matayarisho

Ziandaliwe kamba, rula ya mita na vijiti. Wanafunzi wachore uwanjani mraba wenye upande wa mita 1.

Hatua ya kwanza

Mwalimu aulize: mkulima anataka kila mche upate eneo la mraba la mita za mraba 0.0625. Je, mche na mche viachane kwa umbali gani? Na katika mstari wa mita 1 itaingia miche mingapi?

Umbali ni kipeuo cha pili cha eneo. Desimali iandikwe kwanza kama sehemu, 625/10,000. Kipeuo cha kiasi ni 25, na cha asili ni 100. Basi umbali ni 25/100, yaani mita 0.25. Idadi ya miche ni kinyume chake: tukigeuza sehemu tunapata 100/25, yaani 4. Wanafunzi wagawe mraba wao na kusimika kijiti katikati ya kila kijiraba. Watahesabu mistari 4 yenye vijiti 4.

Hatua ya pili

Sasa tubadili utaratibu. Kinyume cha 0.0625 ni 16, nacho ni idadi ya vijiti vyote katika mita 1 ya mraba. Kipeuo cha pili cha 16 ni 4. Kwa hiyo tukianza na kipeuo au tukianza na kinyume, jibu ni moja.

Hatua ya tatu

Hapa lisahihishwe lile kosa la 0.4. Wanafunzi wazidishe 0.2 kwa 0.2; watapata 0.04. Sehemu 4/10 ina asili ambayo si namba mraba, kwa hiyo tuiandike 40/100. Kipeuo cha pili cha 40 kiko kati ya 6 na 7. Basi jibu ni 0.63 hivi. Kosa hili si dogo. Eneo la 0.4 kwa kila mche ni sawa na miche 2.5 katika mita ya mraba, lakini anayepanda kwa umbali wa 0.2 ataweka miche 25. Nukta moja iliyokosewa imezidisha miche mara kumi.

Hatua ya nne

Eneo likiwa 0.05, kipeuo chake hakiishi, na kugawanya 1 kwa desimali ndefu huchosha. Tuanze na kinyume: 1 gawanya kwa 0.05 ni 20. Kipeuo cha pili cha 20 kiko kati ya 4 na 5. Kwa kuwa 4.5 × 4.5 ni 20.25, jibu ni pungufu kidogo ya 4.5, yaani 4.47 hivi.

Tahadhari

Watoto wamezoea kwamba kipeuo ni kidogo kuliko namba yenyewe. Kwa desimali iliyo kati ya 0 na 1, kipeuo ni kikubwa kuliko namba, na kinyume chake huzidi 1. Mwalimu asiwaamuru wakariri kanuni hii. Awaache waione katika vijiti.

Zoezi

Tafuta kinyume cha kipeuo cha pili cha:
(a) 0.04
(b) 0.09
(c) 0.0225
(d) 0.08

Jibu la (b) ni 3 1/3. Wanafunzi waeleze maana yake shambani: katika mstari wa mita 3 huingia miche 10. Atakayeweza kueleza hivyo ameielewa mada, hata kama hesabu zake bado ni za polepole.